Safari ya kuwazungukia ndugu kwa gari, kutoka Tanga hadi Dodoma na kurudi: tuzunguke kwa upande gani?

Mwana wa Raskazone (muuliza swali)

Assalaam alaykum, na shikamooni mlio wakubwa zangu.

Naomba ushauri wenu kuhusu safari ambayo familia yetu imeiahirisha miaka 3 mfululizo, mara kwa sababu ya ada za shule, mara kwa sababu ya msiba, na ambayo mara hii nimeapa kwamba haiahirishwi tena. Shule zikifungwa mwezi Juni tutaondoka hapa Tanga kwa gari letu aina ya Noah tukiwa watu 5: mimi, mke wangu, watoto 2 na mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 71 na magoti yanayomsumbua. Tunakwenda kuwaona watu, si kutalii. Mama mdogo yupo Moshi. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari yupo Arusha. Dada yangu ameolewa Babati na ana mtoto wa mwaka 1 ambaye mama hajapata kumpakata. Shemeji zangu wapo Dodoma. Na mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja, yupo Morogoro.

Wazo la kuzunguka lilitoka kwa mwanangu wa darasa la 5, ambaye alipotakiwa shuleni kukariri mikoa na makao makuu yake aligundua mwenyewe kwamba kila ndugu yetu amejikuta kwenye makao makuu ya mkoa fulani. Amechora duara kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, linaanzia Tanga na kurudi Tanga, kisha akaniuliza swali lililonishinda papo hapo: kwa nini makao makuu ya Tanga ni Tanga na ya Dodoma ni Dodoma, lakini ya Kilimanjaro ni Moshi na ya Manyara ni Babati? Mwenye jibu naye anisaidie, kwa maana ninaulizwa kila siku wakati wa chakula.

Kwa hesabu yangu, Tanga hadi Moshi ni kama kilometa 350, Moshi hadi Arusha 80, Arusha hadi Babati 170, Babati hadi Dodoma 250, Dodoma hadi Morogoro 260, Morogoro hadi Chalinze 85, na kutoka hapo kupitia Segera mpaka nyumbani kama 250. Jumla inakaribia kilometa 1,450, ambazo nimezigawa katika siku 12, na kila mji nimeupangia usiku 2. Nimefikiria kuanzia kaskazini kwa sababu njia hiyo naijua mpaka Arusha, ilhali ya Babati hadi Dodoma sijaipita hata mara moja. Je, upande huo unafaa, au ni afadhali tuanzie Morogoro? Na mpango wa usiku mbilimbili mnauonaje?

Dereva Mstaafu wa Kange

Waalaykum salaam, na marahaba, kijana wangu. Nimeshika usukani wa mabasi kwa miaka 26, mingi kati ya hiyo nikitoka Tanga alfajiri na kulala Arusha, kwa hiyo nitasema ya barabara na ya ndugu nitawaachia wenye kuyajua.

Upande uliouchagua ndio wenyewe, ingawa sababu uliyoitoa, kwamba njia ya kaskazini unaijua, si sababu. Sababu ni malori. Barabara ya Morogoro hadi Dodoma ndiyo inayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda mikoa ya kati na ya Kanda ya Ziwa, na kuvuka mpaka kwenda Rwanda na Burundi, na mengi ya malori yaliyosheheni huwa yanaelekea bara. Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma utayafuata kwa nyuma, moja baada ya jingine, hasa kwenye mwinuko wa kuelekea Gairo ambako yanatambaa kama kinyonga, na dereva asiyeizoea njia ile hushikwa na hasira akaanza kuyapita mahali ambapo haoni mbele. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro unapishana nayo tu, kila mtu na upande wake.

Pamoja na malori kuna jua. Dodoma hadi Morogoro unaelekea mashariki, kwa hiyo ukiondoka saa 12 asubuhi utakuwa unakodolea jua macho kwa saa 2 nzima. Kunywa chai kwa shemeji zako bila haraka, ondoka saa 3 jua likiwa limepanda, na bado utafika Morogoro kabla ya alasiri.

Siku ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote. Mkishaswali alfajiri muwe ndani ya gari; Segera mnakata kulia, mnapita Korogwe, na Mombo mnasimama kwa ajili ya chai na matunda yanayoshushwa kutoka Lushoto, hata kama hakuna mwenye njaa. Nasema hivyo kwa ajili ya magoti ya mama. Mtu mzima akikaa saa 3 bila kunyoosha miguu, atakapofika Moshi hatateremka bali atateremshwa. Baada ya Mombo simameni tena Same. Kati ya miji hiyo miwili barabara inanyooka, milima ya Usambara na kisha ya Upare ikiwa kulia kwako, na hapo ndipo mguu wa dereva unapokuwa mzito bila mwenyewe kujua. Kwenye makazi mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na vijiji vya njia ile ni vingi na virefu. Askari mwenye tochi ya kupimia mwendo hukaa pale unapodhani kijiji kimekwisha, na kila kosa ni shilingi 30,000. Hesabu saa 6 hadi 7 kufika Moshi, na usijaribu kuzipunguza. Usiku usiendeshe kabisa. Giza likiingia uwe umeshavua viatu kwa mwenyeji wako.

Kuhusu mafuta, gari lako likienda kilometa 10 kwa lita 1, safari nzima itakula lita 145, nawe weka 165 kwa sababu ya mizunguko ya mjini. Bei kikomo hutangazwa na Ewura, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwa kawaida kadiri unavyoiacha bandari ndivyo inavyopanda, kwa hiyo ondoka Tanga na tangi lililojaa.

La mwisho nitalieleza kwa kisa. Mwaka fulani, nikiwa na gari langu dogo na familia, tulipata pancha karibu na Hedaru. Tairi la akiba lilikuwa chini ya magunia 2 ya nazi na mabegi ya kila mtu. Tulipokwisha kuvishusha vyote pembezoni mwa barabara niligundua kwamba spana niliyopewa na aliyeniuzia gari haiingii kwenye nati za magurudumu yale, kwa sababu magurudumu yalikwishabadilishwa na mtu mwingine kabla yangu. Tulikaa pale saa 2 na nusu, nazi zimepangwa chini kama za sokoni, na watu 2 walisimama kuniuliza bei. Kwa hiyo kabla hujapakia hata begi moja, toa tairi la akiba, lipime upepo, kisha jaribu spana kwenye magurudumu yote 4. Hakikisha pia pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto vimo.

Bibi wa Ngamiani

Mwanangu, nimelisoma swali lako mara 2. Umehesabu kilometa, umehesabu siku, umehesabu usiku, na mzee wangu wa Kange amekuhesabia lita. Sikuona mahali uliposema mama amesemaje.

Nauliza kwa sababu hii. Mjomba wako ni kaka yake mama wa tumbo moja, na kwa jinsi ulivyomtaja nadhani ndiye mkubwa wao. Kwa desturi yetu, mkubwa ndiye anayeanziwa. Ukiwapitia mama mdogo, rafiki, dada na wakwe, kisha ukamfikia yeye siku ya 10, watoto wamechoka, zawadi zimekwisha na mnaongea habari za kurudi nyumbani, hatasema neno kwa kinywa chake, lakini atakumbuka. Barabara ina hoja zake na ukoo una zake, na hoja za malori hazitamwingia mtu wa miaka 70 na zaidi aliyekaa barazani akiwasubiri.

Sisemi ugeuze gari. Nasema mama apige simu yeye mwenyewe, amweleze kaka yake mpango ulivyo na amwombe radhi kwamba njia imewalazimisha kuanzia kwa wadogo. Ukipiga wewe ni taarifa. Akipiga mama ni heshima. Na umuulize mama kwanza kabla ya kumpa simu, maana huenda ana mpango wake ambao hukuwahi kuusikia kwa sababu hukuwahi kuuliza.

Kuhusu usiku mbilimbili kila mahali, huo ni mgawanyo wa mtu anayegawa mkate, si wa mtu anayetembelea ndugu. Kwa rafiki wa shule, mkiwa watu 5 na nyumba yake ukiwa huijui ina vyumba vingapi, usiku 1 unatosha na shukrani juu. Kwa dada aliyezaa, ambaye mama hajampakata mjukuu, usiku 2 ni kumwonjesha asali na kumfungia mzinga. Kwa wakwe kaa 2, hata kama ungependa zaidi au pungufu, kwa sababu ukwe hauna kuzidisha wala kupunguza.

Wahenga walisema mgeni siku 2, ya 3 mpe jembe, na mjini jembe ni masufuria. Mke wako asisubiri siku ya 3. Nanyi msifike mikono mitupu, wala msifike na zawadi za kumpa mwenyeji kazi. Nazi zilizokomaa ndiyo zawadi ya mtu wa pwani kwa ndugu zake wa bara. Hazivunjiki ovyo, haziozi njiani, na dada yako kule Babati atalia akiziona. Machungwa ya Muheza chukueni ya Moshi na Arusha tu, yakikaa zaidi ya hapo kwenye gari lenye joto yanalainika. Visheti vinafika hata Morogoro vikiwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Samaki wa kukaushwa waacheni, tafadhali. Gari litanuka mpaka Desemba. Mkipita Magugu mtaona mchele mzuri unauzwa kando ya barabara, na hapo msije mkanunua wa kumpelekea dada, ambaye Magugu ni uani kwake. Nunueni wa kwenda nao Dodoma na Morogoro.

Tena mwambie mama asiwe na wasiwasi wa sala za njiani. Maadamu hakunuia kukaa mahali pamoja siku 4 kamili, ukiondoa siku ya kuingia na ya kutoka, sisi wa madhehebu ya Shafi tunamhesabu bado ni msafiri, anapunguza na kukusanya. Wewe mtafutie tu msikiti ambao ngazi zake ni chache.

Mrangi wa Pongwe

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu, nafundisha hapa Tanga, lakini kitovu changu kimezikwa Kondoa, kwa hiyo kipande cha Babati hadi Dodoma ambacho muuliza swali hajakipita nakipita kila likizo.

Ondoa hofu. Ni lami tupu tangu mwanzo hadi mwisho, na ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na wengi waliotaka kufika Dodoma kwa amani walizungukia Singida. Siku hizi ugumu upo mahali pamoja tu, nao ni kona za milima ya Bereko, kati ya Babati na Kondoa, ambako asubuhi za Juni huwa kuna ukungu. Ondokeni Babati saa 2, si kabla. Baada ya Kondoa, mkipita Chemba na Haneti, nchi inakuwa tambarare na kavu, na kazi yako itakuwa kuwaangalia ng'ombe na mbuzi wanaovuka bila kutazama kushoto wala kulia.

Kabla ya hapo, kati ya Makuyuni na Minjingu, utapita eneo la Kwakuchinja, ambalo ni mapito ya wanyama kati ya Hifadhi ya Tarangire na Ziwa Manyara. Punguza mwendo kwa dhati, kwa sababu pundamilia hajui alama za barabarani. Watoto wakibahatika watawaona wanyama wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, bila baba kulipa kiingilio.

Simameni Kolo. Ipo kando ya barabara hiyohiyo, kaskazini mwa Kondoa mjini, na ndipo zilipo ofisi za michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro yenyewe ipo juu mlimani na inabidi mpande na mwongozaji, jambo ambalo kwa magoti ya mama haliwezekani. Yeye na mke wako wapumzike chini, wewe panda na mwanafunzi wetu wa darasa la 5. Kuna watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wanyama, na mambo mengine ambayo nimeyatazama tangu utotoni na mpaka leo kila mtu ninayempeleka anaona kitu kingine.

Sasa nimjibu huyo mwanafunzi. Aangalie majina ya mikoa ambayo hayafanani na makao makuu yake, atagundua kwamba karibu yote si majina ya miji bali ya vitu vya asili: Kilimanjaro ni mlima, Manyara na Rukwa ni maziwa, Ruvuma, Mara na Kagera ni mito. Mtu hawezi kuweka ofisi ya mkuu wa mkoa juu ya kilele au katikati ya mto, kwa hiyo makao makuu yakawa Moshi, Babati, Sumbawanga, Songea, Musoma na Bukoba. Pwani nayo ni hivyohivyo, makao makuu yake ni Kibaha. Tanga, Dodoma, Arusha na Morogoro ni miji iliyoipa mikoa majina. Mkoa wa Manyara ni mdogo wao wote katika njia yenu, ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na cha kuchekesha ni kwamba lango kuu la Hifadhi ya Ziwa Manyara lipo Mto wa Mbu, ambako bado ni Mkoa wa Arusha. Mwambie alipeleke swali hilo kwa mwalimu wake.

Kwa kuwa anapenda miji, kila mahali mpe kitu kimoja cha kuangalia, si vitano. Arusha mwonyeshe Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile la mwaka 1967. Dodoma mwonyeshe Bunge kwa nje, umweleze kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi pale ulifanyika mwaka 1973 lakini Serikali yenyewe ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Na umsimulie kile kisa cha Wagogo cha tembo aliyedidimia kwenye tope, ambacho ndicho wanachosema kilizaa jina la Dodoma. Moshi mpeleke kwenye kituo cha reli. Reli hiyo ilianza kujengwa hapa kwetu Tanga mwaka 1893 na ikachukua karibu miaka 20 kufika Moshi, kwa hiyo ninyi mlioahirisha miaka 3 hamjachelewa sana.

Masweta ni lazima. Mtoto wa Tanga anadhani baridi ni upepo wa Raskazone saa 2 usiku.

Kijana wa Handeni

Shikamooni wote. Mimi nataka kuongeza njia ya mkato. Mkitoka Dodoma, kabla ya kufika Morogoro, pale Dumila mnaweza kukata kushoto kwenda Turiani, halafu Mziha hadi Handeni, na kutokea Korogwe au Mkata. Hadi Turiani ni lami. Mbele ya hapo mimi nilipita kwa pikipiki wakati wa kiangazi, vumbi lilikuwepo lakini nilifika, na mnakuwa mmekwepa msongamano wote wa Chalinze.

Pia kama mama yenu anasumbuliwa na magoti, kwa nini asipande treni ya umeme kutoka Dodoma hadi Morogoro pamoja na watoto? Ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024 na inatumia muda mfupi sana kuliko gari. Mkate tiketi mapema tu na kila mtu mzima awe na kitambulisho.

Dereva Mstaafu wa Kange

Marahaba, mjukuu wangu wa Handeni. La treni ni la busara na ninaliunga mkono. La njia ya mkato sikatai kwamba njia ipo, lakini huyu bwana ana mjomba Morogoro, na njia ambayo sifa yake kubwa ni kukwepa Morogoro itamfikisha kwetu mapema na kumwacha na kesi. Pikipiki na Noah iliyobeba nazi si kitu kimoja.

Msongamano wa Chalinze si wa kuogopwa ukipita asubuhi. Ukishakata kuelekea Msata umeshaachana na malori mengi, na tangu daraja jipya la Wami lianze kutumika hakuna tena kule kusubiriana kwenye daraja jembamba la zamani, ambalo mimi binafsi sikuwahi kulivuka bila kusema Bismillahi kwa sauti. Watoto wakianza kulalamika utakuwa Michungwani, na hapo harufu ya nyumbani imeanza.

Mwana wa Raskazone (muuliza swali)

Nawashukuru nyote, na Bibi wa Ngamiani naomba aniwie radhi kwa kosa ambalo aliliona kabla yangu.

Jana jioni nilimfuata mama barazani, akiwa anachambua mchicha, nikamuuliza angependa tuzunguke vipi. Hakuinua kichwa. Alisema, "Nilikuwa nangoja uniulize." Kumbe wiki iliyopita alikwishazungumza na kaka yake kwa simu, na mjomba mwenyewe ndiye aliyemwambia aanzie kwa wadogo wote, awamalize, kisha aende kwake akae. Si kukaa usiku 2. Anataka tumwache Morogoro miezi 2, na tayari amekwishatenga kanga zake 6 na dawa zake za magoti kwenye begi ambalo mimi nilidhani ni la nguo za kugawa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mpango niliukuta mezani umeandikwa kwa kompyuta, nikaona haya kuuchora."

Kwa hiyo upande wa kaskazini umekubaliwa na barabara na ukoo kwa pamoja. Nimebadilisha usiku ufuatavyo: Moshi 2, Arusha 1, Babati 3, Dodoma 2 na Morogoro 3, na siku ya 12 tunarudi Tanga. Treni ya Dodoma hadi Morogoro watapanda mama, mke wangu na watoto, nami nitapishana na malori peke yangu, nikiondoka saa 3 baada ya chai. Mwanangu amelipokea jibu la Mwalimu kwa furaha, ila sasa anauliza kwa nini hatupiti Kibaha ili mkoa wa Pwani usionewe. Nimemwambia Chalinze nayo ni Pwani. Hakuridhika, anasema Chalinze siyo makao makuu.

Naomba jambo moja tu lililobaki: mama atakaporudi kutoka Morogoro mwezi Agosti atakuwa peke yake. Je, basi litamfaa?

Dereva Mstaafu wa Kange

Litamfaa. Yapo mabasi yanayotoka stendi ya Msamvu, Morogoro, kuja Tanga, achague la asubuhi ili afike stendi yetu ya Kange mchana kweupe. Mkatieni kiti cha mbele, upande wa njia ya katikati ambako atanyoosha mguu, na si kile kilicho juu ya gurudumu. Mjomba au kijana wake ampandishe mwenyewe na kumkabidhi kwa kondakta kwa jina, na wewe uwe stendi nusu saa kabla. Nikiwa mzima nitakuwepo pia, maana siku nyingi nipo pale bila kazi yoyote.

Spana umeijaribu?

Mwana wa Raskazone (muuliza swali)

Nimeijaribu leo asubuhi, mzee wangu. Haikuingia.